Gari Linalala Wapi?

Maswali mengi yanayoletwa kwa wachungaji wa sharika za Kiswahili hapa Marekani ni yale ambayo kila mtu angeyatarajia: ndoa, malezi, watoto wanaosahau lugha, ndugu walioko nyumbani wanaosubiri ada ya shule. Lipo swali jingine ambalo huulizwa kwa sauti ya chini, mara nyingi baada ya ibada, tena kwa utani kidogo. Je, ni dhambi kuandikisha gari kwa anwani ya ndugu? Mtu anaishi katikati ya jiji, ambako bima ya gari ni ghali. Binamu yake ana nyumba nje ya jiji, au katika jimbo jingine, ambako bima ni nafuu. Barua zitafika, bima italipwa kila mwezi, na hakuna aliyeumizwa. Ubaya uko wapi?

Wako wanaoliona swali hili kuwa dogo mno kuletwa mbele ya Neno la Mungu. Bwana wetu alifundisha kwamba aliye mwaminifu katika lililo dogo huwa mwaminifu katika kubwa pia (Luka 16:10). Tena kwa familia inayohesabu kila dola, jambo hili si dogo hata kidogo. Tofauti ya mtaa mmoja na mwingine inaweza kufika mamia ya dola kwa mwaka, na hiyo ni ada ya mtoto au dawa za mzazi. Kwa hiyo na tulitazame kwa utulivu, bila kuhukumu haraka na bila kusamehe haraka.

Anwani ya kule na anwani ya huku

Kwanza tukumbuke tulikotoka. Wengi wetu tuliokulia Tanzania au Kenya tulijua anwani moja tu, nayo ni S.L.P. Sanduku hilo mara nyingi halikuwa letu. Lilikuwa la usharika, la shule, la zahanati, au la mjomba aliyeajiriwa serikalini. Barua iliandikwa jina la mtu, kisha "kwa mkono wa" fulani, nayo ikafika. Hakuna aliyedhani kwamba mama yetu anaishi ndani ya sanduku la parokia. Anwani ilikuwa mahali ambapo habari zako zitakukuta, na kuazima anwani kulikuwa sehemu ya ujirani, kama kuazima kinu au ndoo. Ni mwaka 2022 ndipo serikali ya Tanzania ilipoendesha operesheni kubwa ya anwani za makazi, nyumba zikabandikwa namba na mitaa ikawekewa nguzo za majina.

Hata bima ya gari kule nyumbani haikututazama kwa mtaa. Mtu akienda kukata bima ndogo au bima kubwa, kwa kawaida hutazamwa aina ya gari, thamani yake na matumizi yake. Kama gari linalala Mwanjelwa au Oysterbay, hilo halikuwa jambo la kuulizwa sana.

Basi mshirika anapoomba anwani ya ndugu hapa Marekani, mara nyingi anaendeleza desturi ambayo kwao ilikuwa njema. Tusimwite tapeli kabla hatujamweleza kwamba neno ni lilelile lakini maana imebadilika.

Kinachoulizwa hasa

Hapa, yule anayekatia gari bima huulizwa gari hilo hukaa wapi usiku. Kampuni hutumia eneo hilo, mara nyingi kwa kuanzia na zipu kodi, ile namba ya tarakimu tano, kukadiria uwezekano wa ajali, wizi na uharibifu. Swali halihusu mahali pa kupokea barua. Mtu anaweza kupokea barua zake kwenye sanduku la posta na bado akaeleza kwa ukweli gari linalala wapi. Fomu nyingi zina nafasi mbili kwa sababu hiyo: moja ya barua, nyingine ya makazi.

Usajili wa gari nao una maswali yake. Jimbo linataka kujua mwenye gari anaishi wapi ili alipe kodi na ada za mahali hapo na kutii sheria zake. Anayehamia Texas hupewa siku 30 za kusajili gari lake huko, na anayehamia Minnesota hupewa siku 60. Mkazi wa Chicago mwenye gari hutakiwa kununua stika ya jiji. Katika kaunti za miji mikubwa ya Texas, kama zile za maeneo ya Houston na Dallas, magari hupimwa moshi, wakati kaunti nyingi za mashambani hazina sharti hilo. Anayetumia anwani ya shambani huku akiendesha mjini kila siku hajakwepa usumbufu tu. Majirani zake wanavuta moshi ambao sheria iliwekwa kuwakinga.

Mtu anaweza kutuambia kwamba Yusufu aliandikishwa Bethlehemu ingawa alikuwa anaishi Nazareti (Luka 2). Ni kweli. Lakini tuangalie aliulizwa nini. Kwa jinsi Luka anavyosimulia, kila mtu alitakiwa kwenda kwenye mji wa ukoo wake, na Yusufu alikuwa wa mbari ya Daudi. Alifunga safari ndefu, na Mariamu akiwa mjamzito, ili kulijibu kwa ukweli swali aliloulizwa. Kama angeulizwa punda wake analala wapi, angejibu Nazareti.

Si kila anwani tofauti ni uongo

Jambo hili tulisema wazi, kwa sababu wako washirika wenye dhamiri nyepesi wanaojitesa bure. Mwanafunzi aliyeondoka kwa wazazi kwenda chuo cha jimbo jingine, katika majimbo mengi anaruhusiwa kuendelea na namba za gari za nyumbani kwao. Mwanajeshi aliyehamishwa kikazi ana haki ya namna hiyo pia. Lakini kwa wote wawili kampuni ya bima inatakiwa kujulishwa gari liko wapi kwa sasa. Dereva wa lori anayelala barabarani wiki nzima ana nyumba yake, na gari lake dogo linamsubiri pale. Familia ya wakimbizi iliyohama mara tatu kwa mwaka mmoja inaweza kuwa na anwani ya zamani kwenye karatasi kwa sababu ya kuchoka na kutozijua fomu. Hilo ni la kurekebisha, wala si la kuungamwa kama wizi.

Yuko pia mama aliyemkimbia mtu anayempiga. Majimbo mengi yana programu ya kuficha makazi ya watu kama huyu. Minnesota na California huiita Safe at Home. Jimbo humpa anwani ya kutumia, ili yule anayemtafuta asimpate kwa kupekua kumbukumbu za serikali. Anwani ile siyo mahali anapolala, na bado hakuna uongo ndani yake, maana imetolewa na mamlaka yenyewe ili kulinda uhai. Usharika unaomjua mama wa namna hii na umsaidie kuifikia programu hiyo, na ulimi wa kila mmoja ulindwe.

Kwa hiyo kipimo chetu si kama anwani mbili zinafanana. Kipimo ni hiki: nimeulizwa nini, na je, jibu langu linamfanya anayeuliza aamini jambo ambalo najua si kweli, ili nipate faida?

Jirani aliyemo ndani ya mkataba

Tulijifunza katika Katekisimo Ndogo ya Luther ya mwaka 1529 kwamba amri ya saba haiishii kwenye kuingiza mkono mfukoni mwa mtu. Luther anataja pia kujipatia mali ya jirani kwa bidhaa mbovu na kwa biashara ya hila, kisha anageuka na kutuagiza tumsaidie jirani kuitunza na kuiboresha mali yake. Amri ya nane nayo inatukataza kumshuhudia jirani uongo. Fomu ya bima inazigusa amri zote mbili, kwa sababu ni ushuhuda na ni mali kwa wakati mmoja.

Lakini jirani yuko wapi hapa? Tunaona tu kampuni kubwa yenye jengo la vioo. Ili tumwone jirani, tuufikirie mfuko wa rambirambi wa usharika. Kila familia huchangia, na ikifiwa husaidiwa. Kama mtu akisema ana watu watatu nyumbani kumbe ana wanane, mfuko hautatoboka siku hiyo. Utatoboka siku ya msiba, na watakaoongezewa mchango ni wale waliosema ukweli. Bima ni mfuko wa namna hiyo, ingawa wachangiaji hawajuani kwa sura na mwenye kampuni huchukua faida yake. Gari la mjini likiandikwa kijijini, ajali zake zinahesabiwa kijijini, na wastaafu na wakulima wa pale ndio wanaopandishiwa malipo polepole bila kujua sababu.

Yuko na jirani wa pili, naye ni yule tutakayemgonga. Sheria inatulazimisha kuwa na bima kwa ajili yake kabla ya kuwa kwa ajili yetu. Siku ya ajali ndiyo siku ambayo kampuni huchunguza: gari hili lilikuwa linalala wapi? Ikigundua kwamba ilidanganywa, inaweza kudai tofauti ya malipo, kukataa madai ya mwenye gari, au hata kuufuta mkataba. Kila jimbo lina sheria yake kuhusu nani atalipwa na nani hatalipwa. Lakini hata pale ambapo aliyegongwa hulipwa mwishoni, anaweza kuingizwa katika mabishano marefu huku mguu wake umevunjika. Na kijana aliyetaka kuokoa mamia ya dola anaweza kujikuta anadaiwa maelfu. Mtume Paulo anawaambia Waefeso wauvue uongo na kila mmoja aseme ukweli na jirani yake, na sababu anayoitoa ni kwamba sisi ni viungo, kila mmoja kiungo cha mwenzake (Waefeso 4:25). Barabarani tunaelewa maana ya neno hilo kwa namna ya pekee.

Lakini mfumo wenyewe je?

Hapa ndipo wanaosema "ni dhambi, tumemaliza" wanapokosea kwa kunyamaza. Mshirika anaweza kutuuliza: ni haki gani hii, kwamba mimi niliyeendesha miaka kumi bila ajali nalipa zaidi ya mtu mzembe wa mtaa wa kitajiri, kwa sababu tu ya mahali ninapomudu kodi ya nyumba?

Swali hili lina mizizi mirefu. Katika miaka ya 1930 shirika la serikali lililoshughulikia mikopo ya nyumba lilichora ramani za miji ya Marekani, na mitaa mingi ya watu weusi ikapakwa rangi nyekundu kuwa ni ya hatari. Waliokaa humo walipata shida kupata mikopo kwa vizazi. Mwaka 2017, ProPublica na Consumer Reports walichunguza bei za bima ya magari California, Illinois, Missouri na Texas, wakaonyesha kwamba baadhi ya kampuni zilitoza mitaa ya watu wa jamii ndogo zaidi kuliko mitaa ya wazungu yenye kiwango sawa cha hatari. Kwa hiyo mshirika anayenung'unika hana wivu tu. Anaona jambo ambalo lipo.

Biblia inalijua jambo hili. Mizani ya uongo ni chukizo kwa Bwana (Mithali 11:1), na Walawi 19 inadai mizani ya haki na mawe ya haki. Neno hilo linamfunga muuzaji kama linavyomfunga mnunuzi. Kampuni inayopima mtaa badala ya dereva inapaswa kusikia mahubiri haya pia.

Hata hivyo mizani ya muuzaji haisahihishwi kwa mnunuzi kutumia mizani yake ya uongo. Anwani ya kuazima inamwokoa mtu mmoja mwenye binamu nje ya jiji. Mjane wa ghorofa ya juu asiye na binamu anabaki palepale. Udanganyifu wa siri haujawahi kubadili bei ya mtaa. Kilichobadilisha ni watu kusema hadharani. Wapiga kura wa California mwaka 1988 walipitisha Pendekezo 103, linalotaka rekodi ya dereva, maili anazoendesha kwa mwaka na miaka ya uzoefu wake vitangulie mambo mengine katika kupanga bei. Michigan, ambako wakazi wa Detroit walilia kwa miaka mingi juu ya bima, ilitunga sheria mwaka 2019 inayokataza zipu kodi yenyewe kutumika kupanga bei, ingawa bado inaruhusu mgawanyo wa maeneo. Sheria hizo si kamilifu, lakini zimegusa hata wale wasio na binamu.

Je, kampuni inastahili ukweli wetu?

Dietrich Bonhoeffer, mchungaji wa Kilutheri aliyeuawa na utawala wa Hitler mwaka 1945, alianza kuandika gerezani insha kuhusu maana ya kusema ukweli, wala hakuimaliza. Anatoa mfano wa mtoto anayeulizwa na mwalimu mbele ya darasa zima kama ni kweli baba yake huja nyumbani amelewa. Ni kweli, lakini mtoto anakana. Bonhoeffer anasema kosa kubwa ni la mwalimu, aliyeingilia siri ya familia bila haki. Ukweli, anatufundisha, hutegemea pia nani anauliza na kwa haki gani.

Mtu anaweza kuutumia mfano huu kujitetea: kampuni isiyo ya haki haina haki ya kuniuliza. Tuupime. Mtoto yule hakumwendea mwalimu kutafuta kitu, na jibu lake halikumletea faida kwa gharama ya mwingine. Alikuwa anailinda nyumba yao. Sisi ndio tunaoiendea kampuni, tukitaka itubebee mzigo siku ya ajali, na swali linalohusu gari linahusu mzigo ule ule tunaotaka ibebe. Mama aliyefichwa na Safe at Home anafanana na mtoto wa Bonhoeffer. Anayetafuta bei ya mtaa asioishi hafanani naye.

Aliyeombwa anwani

Kuna upande ambao hatuuzungumzi sana. Yule mwenye nyumba nje ya jiji naye ana mzigo. Shangazi aliyenunua nyumba baada ya miaka ishirini ya zamu za usiku hujikuta anapokea barua za magari manne yasiyo yake. Akikataa ataambiwa amekuwa Mmarekani, amesahau alikotoka. Kwetu kumnyima ndugu ni aibu kubwa kuliko kukosea fomu.

Tunamwambia shangazi kwamba anaweza kukataa kutoa anwani bila kumkataa mtoto wa ndugu yake. Kama hali ni ngumu na chumba kipo, amwambie: "Mwanangu, njoo ukae hapa, wewe na gari lako." Hapo anwani ni ya kweli, na ukarimu ni wa kweli. Kama hilo haliwezekani, pengine anaweza kuchangia tofauti ya miezi ya kwanza. Ukarimu ambao hautugharimu chochote ila uongo ni ukarimu wa bei rahisi mno, na mpokeaji ndiye atakayelipa siku ya ajali.

Tufanye nini

Mshirika ambaye gari lake limeandikwa mahali lisipolala asisubiri ajali imfundishe. Apige simu kwa wakala wake wa bima, aseme amehama au anataka kurekebisha anwani, aulize malipo mapya yatakuwa kiasi gani. Kisha arekebishe usajili. Wakati huohuo aombe bei kwenye kampuni nyingine mbili au tatu, kwa sababu gari lilelile kwenye anwani ileile hupewa bei tofauti sana. Aulize punguzo la anayeendesha maili chache, na atazame kama gari kuukuu linahitaji bima kubwa. Mara nyingi sehemu kubwa ya tofauti hupatikana hapo, kwa njia safi.

Usharika nao usiishie kuhubiri. Wako miongoni mwetu wanaojua fomu hizi vizuri. Jumamosi moja kila baada ya miezi michache wakae ukumbini wawasaidie wageni na wazee. Mfuko wa diakonia unaweza kumsaidia mtu aliyeamua kusema ukweli na akapandishiwa bili ghafla. Zakayo alipotubu alirudisha kwa mali yake mwenyewe, lakini si kila mtu ana mali ya Zakayo, na tumeitwa kuchukuliana mizigo. Na wenye haki ya kupiga kura wawaulize wabunge wa jimbo lao: kwa nini dereva mwema wa mtaa wetu analipa zaidi?

Mwisho, tukumbuke barua ambayo nabii Yeremia aliwaandikia watu waliohamishwa Babeli (Yeremia 29). Aliwaagiza wajenge nyumba na kukaa ndani yake, na kuutakia amani mji ule walioko. Wahamishwa wengi hutamani kuwa mahali pengine, na anwani ya kuazima ina kishawishi hicho: mwili uko mtaa huu, jina liko mtaa ule. Tunapoandika mtaa wetu halisi, hata kama una sifa mbaya na bima yake ni ghali, tunakubali kwamba majirani waliotuzunguka ndio majirani tuliopewa, na kwamba shida ya mtaa huu ni yetu pia. Mungu anajua tunalala wapi. Hatuna sababu ya kuwaficha wengine, maana yeye aliyetuleta hapa anakaa hapa pamoja nasi.